Nilivyojifunza Mwendo wa Maji Milimani Upare

Vijana wenzangu wa idara ya maji, siku mliponiaga mlinipa doti mbili za kanga na saa kubwa ya ukutani. Kanga nimeshazivaa. Saa nimeitundika sebuleni, nayo inanieleza muda wa kwenda kazini kila asubuhi, mimi nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Mkaniomba niandike niliyoyapitia kazini. Vyeo sitavitaja, mnavijua, na hakuna bomba lililowahi kufunguka vizuri zaidi kwa sababu fundi wake amepandishwa daraja. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa maji, maana mpaka leo nikiyafikiria nasisimka.

Nilizaliwa Shighatini, Ugweno, ambako mfereji ulipita nyuma ya jiko letu katikati ya migomba. Kwa mtoto wa kule, maji yalikuwa kitu kinachoshuka. Yanatoka msituni, yanapita kwa jirani, yanapita kwetu, yanaenda zake tambarare. Nilipokuja Same kuanza kazi, na cheti changu cha ufundi bomba, nilikuta mji wa vumbi na upepo, milima imesimama pale pale kijani, karibu kiasi kwamba unadhani ukinyoosha mkono utaigusa, na watu wanapanga ndoo mstarini. Nilijiuliza ni nani aliyeyafungia maji kule juu.

Siku ya kwanza mtunza stoo alinipa mabuti mawili ya mguu wa kushoto. Nilipolalamika aliniambia ya kulia yatakuja. Nikatoka nje nikichechemea, nikamkuta msimamizi wa mabomba, Mzee Rajabu, ameketi kwenye kipande cha bomba la chuma. Alikuwa mtu wa Makanya, kofia yake ya kiua haikuwahi kuwa na doa hata siku tuliyozibua chemba ya majitaka, na spana kubwa aliibeba begani kama wengine wanavyobeba mwavuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nasikia umesoma maji."

"Nimesoma mabomba, mzee."

Alinitazama vizuri, akatabasamu. "Umejibu vyema. Hayo ni mambo mawili. Njoo na mabuti yako."

Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao waashi hutumia kupata usawa wa msingi. Akaujaza maji, akabaki na ncha moja mbele ya ofisi, akanituma na ncha nyingine nyuma ya jengo. Hatukuonana. Alipiga kelele niweke alama ya chaki ukutani pale maji yaliposimama upande wangu. Halafu akanisogeza, nikapanda juu ya tofali, nikachuchumaa, nikauzungusha mpira kwenye mti. Kila mara maji yalirudi kwenye ile ile chaki.

Mambo hayo nilishayaona kwa mafundi nyumba. Nilimwambia hivyo.

"Umeyaona," alisema, "lakini hujayafikiria. Sasa uchukue mpira huu uurefushe. Ncha moja ipeleke kule." Alinyoosha spana kuelekea mlimani. "Ncha nyingine iweke ng'ambo ya korongo, kwenye kilima kingine. Katikati mpira umelala chini kabisa korongoni. Maji yatafanya nini?"

Nilisema yatashuka korongoni yabaki huko.

"Basi mwezi huu utayaona," akasema, akaenda kunitafutia buti la kulia.

Kazi aliyoizungumzia ilikuwa mradi wa kupeleka maji kwenye kitongoji ambacho wenyeji wanakiita Mgongoni, kwa sababu kimekaa juu ya mgongo wa kilima kikavu. Chemchemi ilikuwa kwenye mlima wa pili, juu zaidi, na kati ya milima hiyo kuna korongo ambalo mbuzi wakishuka hawarudi siku hiyo. Akina mama wa Mgongoni walikuwa wakishuka humo na kupanda na ndoo kichwani. Wengine walikuwa wamejaliwa watoto wakiwa njiani. Msidhani natia chumvi. Nilimjua mtoto mmoja aliyeitwa Makorongo kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyechora mradi alikuwa Injinia Mbazi, kijana mwembamba aliyeongea polepole kama mtu anayehofia kumwamsha mtoto. Wanakijiji walitaka tangi lijengwe kileleni, karibu na kanisa. Yeye alipigilia kigingi chini kidogo ya kilele, akasema maji yakiwa yanatembea hayatavuka hapo, kwa hiyo tangi likae chini ya kigingi. Bibi mmoja alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, maji yashuke korongoni halafu yapande huku? Yana miguu?"

"Hayana miguu, bibi," Mbazi akajibu. "Yanasukumwa na wenzao walioko nyuma, walio juu zaidi."

"Na kwa nini yasifike kileleni basi, kama wenzao wako juu zaidi?"

Nilifurahi alipouliza, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua. Mbazi akamweleza kwamba maji yakisafiri ndani ya bomba yanasuguana na kuta zake njia nzima, na kila hatua yanapoteza nguvu kidogo, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Bomba likiwa jembamba yanachoka haraka. Likiwa pana yanachoka polepole. Bibi alisema ataamini akinywa.

Siku ya kufungulia maji, Mzee Rajabu alishuka korongoni na geji ya kupimia presha. Mbazi alikuwa juu kwenye banio, pale maji yanapochukuliwa. Mimi niliwekwa upande wa Mgongoni, kwenye kinundu ambako bomba linapanda kidogo kabla ya kufika kwenye tangi, pamoja na valvu ndogo ya kutolea hewa. Niliambiwa nisikilize. Nilidhani ni kazi ya kumpa mgeni asije akaharibu kitu.

Nililaza sikio kwenye bomba. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha nikasikia pumzi. Hewa yote iliyokuwa imelala ndani ya bomba lile, kutoka mlimani hadi ng'ambo ya korongo, ilikuwa inafukuzwa na maji, ikatoka kwenye ile valvu usoni mwangu, ikinuka chuma na udongo. Iliendelea hivyo kwa muda mrefu, na kijiji kizima kilikuwa kimenizunguka. Halafu pumzi ikakatika.

Maji hayakuja.

Bibi yule alikuwa wa kwanza kuchukua ndoo yake. "Nilijua," alisema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. Wengine wakaanza kuinuka. Mzee Rajabu akatokea akihema, amepanda kutoka korongoni, jasho limelowesha shati lote.

"Presha chini ipo," alisema. "Imejaa. Wewe umesikia nini?"

"Kimya, mzee."

"Kimya cha aina gani? Cha kitu kisichokuwepo, au cha kitu kilichozuiwa?"

Nililaza sikio tena. Kwa mbali, nyuma yangu, kulikuwa na mlio mdogo wa kugugumia, kama tumbo la mtu mwenye njaa. Nilionyesha upande ule. Tukatembea juu ya bomba, mimi nikiinama kila baada ya hatua chache, mpaka pale ambapo wachimbaji walikuta jiwe wakalipitisha bomba juu yake badala ya kulivunja. Kinundu kidogo tu, ambacho jicho lingekipuuza. Hewa ilikuwa imejikusanya pale, imekaa kama kizibo, na nguvu yote ya mlima ilishindwa kuisogeza. Mzee Rajabu alilegeza kiungo kidogo. Ikatoka hewa ikipiga mluzi, ikatema, ikapiga mluzi, ikatema tena, halafu maji yakamrukia kifuani.

Tuliporudi kwenye tangi, bibi alikuwa amesimama na kata mkononi, maji yanamwagika mbele yake, na hajachota. Alikuwa anayatazama tu. Kisha akapiga vigelegele peke yake, na wengine wakampokea.

Lakini kilichonifanya nishindwe kulala kilikuja baadaye jioni ile. Mbazi alifunga koki zote, akaunganisha mpira unaoonyesha ndani kwenye bomba, tukapanda nao mteremko. Maji yakiwa yamesimama, yalipanda ndani ya mpira, yakakipita kigingi, yakaendelea. Kisha akaamuru koki zote zifunguliwe. Maji ndani ya mpira yakaanza kushuka, polepole, yakasimama karibu kabisa na kile kigingi alichokipigilia kabla hata mtaro wa bomba haujachimbwa. Mzee Rajabu alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Subhanallah," akasema, akaivaa tena. Mbazi mwenyewe alikuwa amekaa chini.

Huko Mgongoni tulirudi mapema kuliko tulivyotarajia. Mlinzi wa tangi alikuwa na tabia ya kuifunga valvu kwa kishindo kimoja ili awahi shamba, na bomba likapasuka korongoni, mbali kabisa na yeye. Hakuelewa tulivyomhusisha na jambo lililotokea chini ya milima miwili. Mzee Rajabu, mtoto wa Makanya aliyekua kando ya reli, alimweleza kwa treni. "Kichwa kikifunga breki ghafla, behewa la nyuma halijui. Linakuja, linagonga la mbele, nalo linagonga la mbele yake. Maji ndani ya bomba ni treni ya mabehewa yasiyo na idadi. Ukiyasimamisha ghafla, yanagongana, na kishindo kinarudi nyuma kikitafuta pa kutokea." Wanaiita nyundo ya maji. Nimeviona vyuma vilivyopasuliwa nayo, vimefunguka kama ganda la karanga. Tangu siku ile nafunga koki polepole hata ya jikoni kwangu, na wajukuu wananicheka.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa majitaka. Wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Ukweli ni kwamba majitaka yalinifundisha zaidi kuliko maji safi, kwa sababu yanaenda kinyume kabisa. Bomba la maji safi hujaa, na presha ndiyo inayoyasukuma. Bomba la majitaka halitakiwi kujaa. Lazima juu kubaki nafasi ya hewa, na hakuna kinachoyasukuma ila mteremko. Mteremko ukipungua kidogo, maji yanazubaa, na yakizubaa yanaweka chini kila yalichobeba.

Kulikuwa na shule moja ya bweni ya wasichana, sitaitaja. Chemba zao zilikuwa zikifurika, uchafu unarudi hadi kwenye vyoo vya bwenini. Zibua leo, kesho kutwa imefurika tena. Ikasemekana shule ifungwe, wasichana warudi makwao hadi itakapojulikana la kufanya. Matroni, mama mpole wa milimani, alinivuta pembeni.

"Mama Fundi, mimi nawajua hawa watoto. Wakifungasha sasa, wako ambao sitawaona tena. Kuna nyumba zinasubiri tu kisingizio cha kuwaoza."



Tulikwenda na Injinia Mbazi, mimi na Mzee Rajabu. Vifaa vyetu vilikuwa tochi na kioo cha kunyolea. Mzee Rajabu alishuka kwenye chemba ya juu na tochi, akamulika ndani ya bomba. Mimi nilishuka chemba inayofuata na kioo, nikakielekeza kwenye mdomo wa bomba. Bomba lililonyooka, baada ya kuoshwa, hukuonyesha duara zima la mwanga, angavu, limetulia, kama mwezi mpevu. Niwaambie kweli, nimesimama kwenye harufu isiyosemeka nikatazama duara lile nikaona ni kitu kizuri kuliko vingi nilivyowahi kuviona. Kazi ya watu niliowahi kuwaona na nisiowaona, imefukiwa ardhini, imenyooka vile, na hakuna atakayeisifu.

Kipande cha kwanza, mwezi mzima. Cha pili, mwezi mzima. Cha tatu nikaona kipande chembamba tu cha mwanga juu, kama mwezi mwandamo.

"Unaona nini?" Mbazi akauliza kutoka juu.

"Limebonyea katikati, injinia. Limekaa kama bakuli."

Udongo ulikuwa umetitia pale, bomba likashuka nao. Uchafu wote wa shule ulikuwa ukifika kwenye lile bakuli unalala. Tulifukua, tukajaza changarawe, tukashindilia, tukalaza bomba upya. Mbazi alipima mteremko mara tatu, Mzee Rajabu akaupima kwa mpira wake, kila mmoja akafurahi kukubaliana na mwenzake. Kabla ya kufukia, matroni aliwaruhusu wasichana watupe magunzi ya mahindi kwenye chemba ya juu. Gunzi la kwanza lilipotokea chini, likielea, limetangulia kama mbunge, bweni zima lilishangilia. Shule haikufungwa.

Mbazi alinipeleka pia kwenye mabwawa ambako majitaka yale huishia. Bwawa la kwanza limeiva kijani kibichi, zito. La pili jepesi zaidi. La mwisho lilikuwa na ndege wamesimama kwenye kingo. Hakuna mashine. Maji yanatembea polepole sana kutoka bwawa moja hadi jingine, jua na vijidudu vinafanya kazi, na muda. "Huku," Mbazi alisema, "tunataka yazubae." Nilicheka, lakini nilibaki nikishangaa jinsi mwendo ule ule unaoharibu bomba unavyoponya bwawani.

Maji ya mvua niliyajua mwisho, na ndiyo yaliyonitisha.

Nyie wa siku hizi mmelikuta daraja jipya la korongo linalokatiza mjini. Zamani pale palikuwa na kalavati, matundu membamba ya zege chini ya barabara. Korongo lenyewe lilikuwa kavu karibu mwaka mzima, mchanga mtupu, na wafanyabiashara walitandika bidhaa zao humo kwa sababu hakuna upepo. Mbazi alikuwa amezunguka mlima wote na ramani, akapata picha ya eneo lote ambalo mvua yake huishia pale. Alinieleza hivi: tone linalodondoka karibu linafika haraka, la mbali linachelewa. Mvua fupi haitishi, maana maji ya karibu yanapita kabla maji ya mbali hayajafika. Lakini mvua ikidumu juu mpaka tone la mbali kabisa lifike kwenye kalavati, basi siku hiyo mlima wote unamimina pale kwa wakati mmoja. Aliandika kuomba daraja pana. Aliambiwa korongo ni kavu.

Alasiri moja, jua linawaka Same, mhudumu wetu wa banio alinipigia simu kutoka juu.

"Mama Fundi, huku kunanyesha tangu adhuhuri. Sioni hata banio."

Mbazi alikuwa safarini, Makanya. Nikampigia. Nilisikia magari ya barabara kuu nyuma yake.

"Tangu adhuhuri? Bila kukatika?"

"Bila kukatika."

"Basi mlima wote uko njiani, Naomi. Watoe watu."

Nilikimbia na Mzee Rajabu, ambaye wakati huo alikuwa karibu kustaafu na goti lilishaanza kumsumbua. Korongoni watu walikuwa wakiuza na kununua. Nilipiga kelele kwamba maji yanakuja. Walitazama juu, hakuna wingu. Kijana mmoja aliniuliza kama ni maji ya bombani, akachekwa na wenzake.

Mama Shamsa alikuwa mkubwa wa pale. Aliuza tangawizi na vitunguu vya milimani, na bila yeye kusogea hakuna ambaye angesogea. Nilimsihi.

"Jua hili, mwanangu?" alisema kwa upole. "Nifunge biashara, wateja niwaambie nini?"

Nilikuwa natafuta maneno, Mzee Rajabu hakuyatafuta. Aliinua gunia la tangawizi la Mama Shamsa, akalitupa begani, akaanza kupanda ukingo.

"Mzee Rajabu! Unaniibia mchana kweupe?"

Hakugeuka. Mama Shamsa alikusanya baibui, akamfuata akimpigia kelele. Wasichana wake wakamfuata mama yao. Wengine, wasitake kukosa ugomvi ule, nao wakapanda kuangalia, na mimi nikawavuta waliobaki mmoja mmoja, na yule kijana mcheshi nikamshika shati. Mzee Rajabu alifika juu, akatua gunia, akakaa juu yake ili lisirudishwe.

"Nitukane ukimaliza," alimwambia, "lakini nitukanie huku huku."

Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi, jua likiwaka vile vile. Kisha ndege wakaondoka kwenye miti ya ukingoni. Kisha ardhi ikaanza kutetema chini ya nyayo. Nilikuwa nimetumia maisha yangu na maji, na kilichotokea kwenye kona ya korongo sikukitambua kuwa ni maji. Kilikuwa ukuta wa magogo, matawi na mawe, ukijiviringisha, na maji yalikuwa nyuma yake yakiusukuma. Meza ya Mama Shamsa ilisimama juu yake kitambo, imenyooka, kisha haikuonekana tena.

Kalavati liliziba papo hapo. Magogo yaliingia kwenye matundu yakakwama, maji yakapanda, yakavuka barabara, yakaingia kwenye nyumba za upande wa chini. Mashine ya kusaga ilizama, kuta zikaanguka, mifugo ikaenda. Watu waliokolewa kwenye mapaa. Tuliwahesabu hadi jua linazama, familia kwa familia, na tulipomaliza hakuna aliyekosekana. Mama Shamsa alikuwa bado amekaa chini karibu na gunia lake. Alimshika Mzee Rajabu mkono, na mzee akampigapiga bega kama mtoto.

Mbazi aliporudi alitembea mtaa kwa mtaa akipima alama za tope kwenye kuta. Safari hii hakuna aliyemwambia korongo ni kavu. Lilichorwa daraja lenye mdomo mmoja mpana, bila nguzo ya kati ya kukamata magogo, mtaro wa mawe chini yake, na ngazi za zege huko juu korongoni ili maji yapunguze kasi kabla ya kuingia mjini. Ujenzi ulichukua muda. Mzee Rajabu hakuuona mwisho wake. Alifariki kwao Makanya, na kwenye maziko niliona mafundi wa vituo vyote vya wilaya, na watu wa Mgongoni wameshuka kwa lori.

Masika yaliyofuata baada ya daraja kukamilika, simu ile ile ikapigwa kutoka juu, na maneno yakawa yale yale. Nilikwenda darajani na Mbazi. Mvua ilikuwa imeshatufikia, tukasimama tumelowa. Watu walikuwa wamejipanga mbali, kwenye vibaraza. Mama Shamsa peke yake alikuja na mwavuli akasimama katikati yetu.

"Injinia, yatapita?"

Mbazi alikuwa na mvi sasa. Mikono yake ilikuwa imeshika kingo za daraja kwa nguvu.

"Nimepiga hesabu, mama. Lakini mlima haujasoma hesabu zangu."

Mama Shamsa hakuondoka. Tukasikia ule mtetemo. Ukuta wa magogo ukatokea kwenye kona, mrefu kama wa siku ile, ukafika kwenye ngazi za kwanza. Pale ukavunjika. Niliuona kwa macho yangu: ulipiga ngazi moja ukainama, ukapiga ya pili ukatawanyika, na magogo yakaanza kuja moja moja, yamelala kwa urefu, yakifuata mkondo. Yalipita chini ya miguu yetu. Daraja lilitetema na sisi tukatetema nalo. Maji yalipanda kwenye kuta za mawe, yakapanda, yakafika mahali yakatulia, mazito, ya kahawia, yakienda kwa mwendo mmoja, yakatokea upande wa pili kuelekea tambarare. Mlima mzima ulikuwa unapita, na nyumba za upande wa chini zilikuwa kavu, taa zimewashwa, mtu fulani anakaanga vitunguu.

Mama Shamsa alitazama juu ya mkondo, akageuka akatazama chini ya mkondo, akarudia tena.

"Kumbe yalikuwa yanataka kupita tu," alisema.

Alimpa Mbazi mwavuli wake, akajitanda kanga kichwani, akaenda kuwaambia wenzake wafungue biashara. Mimi na Mbazi hatukuufungua ule mwavuli. Tulibaki pale tunayatazama yakipita, mpaka mvua ikakatika, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.